Dhahabu ya Nzega na Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka maswali ni yaleyale. Huulizwa na wanafunzi wanaoandaa kazi ya historia, wageni wanaolala Nzega wakielekea Mwanza, vijana waliosikia habari za mgodi wakiwa wadogo, na wakati mwingine watu waliouziwa sarafu barabarani wanaotaka kujua kama wamepata mali au wameibiwa. Majibu haya yameandikwa na mtu wa hapahapa. Palipo na maoni yangu, mtayaona.

Nzega iko wapi, na inahusianaje na dhahabu?

Nzega ni wilaya ya mkoa wa Tabora, upande wa kaskazini. Mji wenyewe uko njia panda: barabara inayotoka Singida na Igunga hukutana hapo na ile ya Tabora, kisha safari inaendelea kwenda Shinyanga na Mwanza. Dhahabu iko kwenye mkanda wa miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambao ni wa familia moja na miamba ya Geita, Kahama na Tarime. Kwa hiyo anayedhani dhahabu ya Tanzania ni ya kando ya Ziwa Victoria peke yake amekosea. Nzega iko kilomita kama 200 kusini mwa ziwa, na ndiyo iliyofungua zama za migodi mikubwa ya kisasa nchini.

Je, mji ulianzishwa kwa ajili ya dhahabu?

Hapana. Nasisitiza hili kwa sababu wageni wengi huandika kinyume chake. Nzega ilikuwa makao ya wilaya, soko la pamba, mpunga na ng'ombe, na kituo cha wasafiri, miaka mingi kabla kampuni yoyote haijatega baruti Lusu, eneo la mgodi. Hata reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika 1928, haikupita mjini bali Bukene. Mji ukabaki kuishi kwa barabara. Mgodi ulikuja, ukakaa miaka kama 15, ukaondoka, na mji upo. Miji iliyozaliwa na dhahabu huwa haina bahati hiyo: mwamba ukiisha, mabati yanang'olewa na watu wanahamia kwenye rashi nyingine, yaani mahali pengine palipovuma dhahabu.

Wanyamwezi walichimba dhahabu kabla ya ukoloni?

Biashara iliyowapa Wanyamwezi jina ilikuwa ya misafara: pembe za ndovu, majembe ya chuma, chumvi ya Uvinza, shaba iliyotoka Katanga. Dhahabu haikuwa na nafasi katika mizigo ile. Mpagazi wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, aliyeshuka pwani alijua thamani ya jembe kwa undani, na jembe lilitumika hata kulipia mahari. Dhahabu ilianza kuwa na maana huku bara Mjerumani alipoitafuta.

Mjerumani alichimba wapi?

Baada ya habari za dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1890, mgodi wa kwanza wa dhahabu wa koloni hilo ulianza kazi 1909 huko Sekenke, upande wa Iramba, ambako leo ni mkoa wa Singida. Madereva wa malori wanaijua Sekenke kwa jambo jingine: ukitoka Igunga, ukishavuka mbuga ya Wembere na kupita Shelui, unaanza kuupanda mlima ambao umemaliza breki za magari mengi. Wengi wanaupanda na kuushuka kila wiki bila kujua kwamba dhahabu ya maeneo hayo ndiyo iliyotengenezewa sarafu maarufu kuliko zote zilizowahi kutoka Tabora.

Ni kweli Tabora ilitengeneza sarafu ya dhahabu?

Ni kweli, na ni kisa ambacho kila mtoto wa Tabora angepaswa kukisikia shuleni.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari. Fedha kutoka Berlin zikaacha kuja. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari, wapagazi na wauza vyakula wa kuwalipa, na wengi wao hawakutaka noti za karatasi, kwa sababu waliona wazi kwamba mwenye kuzitoa anaweza kushindwa kesho. Pwani ilipozidi kutishiwa, shughuli nyingi za serikali zilihamia bara, na Tabora, ambayo reli ya kati iliifikia 1912, ilikuwa na kitu ambacho miji mingine ya bara haikuwa nacho: karakana ya reli yenye mashine za kukandamiza na kukata chuma.

Humo karakanani ndimo zilimotengenezwa fedha za mwaka 1916. Kwanza zilikuwa za chini, heli 5 na heli 20, za shaba na shaba ya njano. Kisha ikaja ya dhahabu, ya thamani ya rupia 15, ambazo kwa hesabu ya wakati ule zilikuwa sawa na mark 20 za Kijerumani. Upande mmoja ina tai wa dola la Ujerumani. Upande wa pili yupo tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Uzito wake ni gramu 7 na ushei, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu halisi. Zilitengenezwa kama 16,000 tu.

Piga hesabu: sarafu zote hizo pamoja zina dhahabu isiyofika hata kilo 90. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke. Miongoni mwa waliochonga mihuri yake alikuwemo sonara kutoka Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka leo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi ikakoma.

Kinachonigusa mimi katika kisa hiki ni wale waliolipwa. Vita vile viliua wapagazi wengi mno, kwa njaa, maradhi na mizigo, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vya Unyamwezi na Usukuma. Sarafu ya tembo leo iko katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, inapigwa mnada kwa maelfu ya dola, na maelezo yake huzungumzia tai na tembo. Habari za mpagazi hazimo.

Nimeonyeshwa sarafu ya tembo inauzwa. Ninunue?

Usinunue. Za bandia ni nyingi. Mwenye ya kweli hahangaiki kuiuza stendi kwa laki mbili. Ikiwa iko mikononi mwa familia tangu zamani, usiisugue, usiipake kitu, na usimpe mtu "akaipime" mahali usipoona. Sonara wa kuaminika anaweza kupima uzito na usafi wa dhahabu mbele yako.

Wajerumani walifukia dhahabu Tabora?

Swali hili limegharimu watu mashamba, ng'ombe na hata maisha. Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye "ramani", mwenye kifaa kinacholia, au mwenye mganga, akidai kuna mali ya Mjerumani chini ya mwembe fulani au kando ya Boma. Mwenye nyumba hutoa hela ya "kufungulia", shimo linachimbwa usiku, na asubuhi mwenye ramani hayupo.

Tafakari kidogo. Serikali iliyokuwa ikiyeyusha shaba ili ipate heli 5 za kulipa watu haikuwa na dhahabu ya kufukia. Ile kidogo iliyopatikana Sekenke iligeuzwa fedha ili itumike mara moja. Tena, kuchimba kwenye majengo ya kale na makaburi ni kosa la jinai. Boma la Tabora na tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa, ni urithi unaolindwa na sheria. Tafadhali msiwasikilize watu hawa, na mkiwaona wanachimba, toeni taarifa.

Baada ya Wajerumani ilikuwaje?

Chini ya Waingereza dhahabu ilishamiri miaka ya 1930, hasa Lupa huko Chunya, Geita na Musoma, hata ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizouzwa nje baada ya katani. Geita ilifungwa 1966, na kwa miaka mingi baadaye uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulikuwa kama umekufa.

Mkoa wa Tabora wa wakati ule una kisa chake kingine: Mpanda, ambayo leo iko Katavi. Huko kulikuwa na mgodi wa madini ya risasi, uliotoa pia fedha, shaba na dhahabu kidogo. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ulifungwa 1960. Reli bado inabeba mahindi, asali na abiria mpaka leo. Ukitaka mfano wa kitu chema kilichoachwa na mgodi, upande treni ya Mpanda.

Mgodi mkubwa wa Nzega ulianzaje?

Katika miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya uchimbaji mdogo, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu kwa wachimbaji. Vijana wakamiminika porini, Nzega ikiwemo. Nyuma yao zikaja kampuni za utafiti. Sera ya madini ya 1997 na sheria ya 1998 zilifungua mlango kwa wawekezaji wa nje kwa masharti nafuu, ukiwemo mrabaha, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa serikali, wa asilimia 3 kwa dhahabu.

Kampuni ya Resolute kutoka Australia ilijenga mgodi ulioitwa Golden Pride katika eneo la Lusu. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwishoni mwa 1998. Geita ilifuata 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Kwa hiyo Nzega ndiyo iliyotangulia, ingawa jina lake halitajwi sana ukilinganisha na hao wengine. Wenyeji hawakuuita Golden Pride. Waliuita "Resolute", na mtu aliyepata kazi alisemwa "yuko Resolute".

Dhahabu kiasi gani ilitoka?

Zaidi ya wakia milioni 2. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo hizo ni tani 62 na zaidi. Ziweke kando ya kilo 90 za sarafu zote za Tabora uone tofauti ya zama.

Bei nayo ina habari yake. Mgodi ulipoanza, wakia ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2011 ilipita dola 1,800. Maana yake sehemu kubwa ya mwamba wa Nzega iliuzwa wakati dhahabu ni rahisi.

Nzega ilinufaika na nini?

Hapa watu hugombana, na kila upande una hoja.

Ajira zilikuwepo, na kwa waliozipata zilikuwa za kweli: mafundi wa mitambo, madereva wa magari makubwa, walinzi, wapishi, wapimaji wa maabara. Wapo waliojifunza kazi Lusu wakaajiriwa baadaye Geita na Kahama kwa sababu ya ujuzi huo. Nyumba za wageni zilijengwa, vyumba vya kupanga vilipanda bei, na mama lishe waliuza. Kampuni ilisaidia pia madarasa na huduma za afya katika vijiji jirani.

Upande wa pili wa hesabu ni mapato ya halmashauri. Sheria ya fedha za serikali za mitaa wakati ule iliruhusu ushuru wa huduma wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini mikataba ya migodi mikubwa ya wakati ule ilizoeleka kuweka kiwango cha jumla cha dola 200,000 kwa mwaka kwa halmashauri. Chukua mgodi wowote unaouza dhahabu ya dola milioni 200 kwa mwaka: asilimia 0.3 yake ni dola 600,000. Tofauti hiyo ya dola 400,000 ni zahanati, visima na madawati. Ndiyo maana madai ya ushuru wa huduma yalikuwa gumzo Nzega mpaka mgodi unakaribia kufungwa.

Maoni yangu ni haya: kosa halikuwa kumkaribisha mwekezaji. Kosa lilikuwa wilaya kukaa miaka ya mwanzo bila kuuliza itabaki na nini. Lami ya Nzega hadi Tabora ilikamilika miaka ya 2010, na maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Nzega, Igunga na Tabora yalikuja baada ya mgodi kufungwa. Vyote viwili vimeletwa na serikali. Mwanamke wa Nzega aliyechota maji ya bwawa wakati tani 60 za dhahabu zinaondoka ana haki ya kuuliza.

Kwa nini ulifungwa?

Mwamba wenye dhahabu ya kutosha uliisha. Mgodi wa shimo la wazi kadiri unavyozama ndivyo unavyohamisha mawe mengi yasiyo na kitu ili kupata tani moja yenye kitu, na gharama ya dizeli inapanda. Uchimbaji ulisimama kwanza, mtambo ukamalizia mawe yaliyokuwa yamerundikwa, na mwanzoni mwa 2014 kazi ikaisha. Bei ya dhahabu nayo ilikuwa imeporomoka mwaka 2013.

Eneo hilo sasa ni nini?

Majengo yalikabidhiwa serikalini na kutumiwa na Chuo cha Madini, chenye makao yake Dodoma, kwa mafunzo ya vitendo. Wazo hilo lilikuwa zuri: mwanafunzi anajifunza mgodi akiwa mgodini. Shimo na mabwawa ya mabaki vimebaki. Usiingie bila ruhusa, na wazazi wa vijiji jirani wawakataze watoto kwenda kuogelea au kunywesha mifugo huko.

Wachimbaji wadogo bado wapo? Wanafanyaje kazi?

Wapo, Nzega, Igunga, na hata Kitunda upande wa Sikonge. Kazi yenyewe inaenda hivi.

Mwenye leseni anamiliki eneo. Mwenye duara anagharamia shimo: chakula cha vijana, kamba, winchi, baruti, na matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Vijana wanashuka. Hawalipwi mshahara, wanalipwa kwa mgao wa mawe: viroba vikipanda juu, mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Duara linaweza kuchimbwa miezi bila mawe, na miezi hiyo yote kijana anakula kwa deni.

Mawe yanagongwa kwa nyundo, yanasagwa kwenye krasha mpaka yawe unga. Unga unachanganywa na maji na kumwagwa juu ya mwalo, yaani ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa kizito. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inanasa kwenye nyuzi, mchanga unateremka. Kitambaa kinasuuzwa kwenye karai, zebaki inatiwa, mtu anafinyanga kwa mkono mpaka zebaki ikusanye chembe zote. Halafu inakamuliwa kwa kipande cha nguo, na kile kidonge kinachobaki kinachomwa moto. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Ule mchanga ulioteremka unaitwa marudio, na hapo ndipo mchimbaji anapopunjika zaidi. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Mwenye mtambo wa sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, ananunua marudio kwa bei ya chini, anayachenjua upya, na mara nyingi anapata kuliko aliyeshuka shimoni. Vijana wakijiunga wakapima marudio yao kabla ya kuyauza, na wakafikia hatua ya kuwa na mtambo wao, maisha yao yatabadilika kuliko kwa duara jipya. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi.

Zebaki ina madhara kweli? Mbona wazee walitumia?

Ina madhara makubwa. Moshi wake huharibu mishipa ya fahamu na figo, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na mtoto aliye tumboni huathirika hata mama asipohisi kitu. Kinachoingia mtoni huishia kwenye samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kama huwezi kuiacha leo, basi usichomee ndani ya nyumba wala jikoni, tumia chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kurudisha mvuke kwenye maji, na mjamzito na watoto wasiwe karibu kabisa.

Nimeona dhahabu shambani kwangu. Ni yangu?

Shamba ni lako, madini ni ya umma. Huwezi kuchimba bila leseni, hata kwenye ardhi uliyorithi. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Wahi ofisi ya Tume ya Madini kabla habari hazijasambaa, maana mtu mwingine akiomba eneo kabla yako utabaki na haki ya fidia ya ardhi na mazao tu. Ukipata dhahabu, iuze kwenye soko la madini. Masoko haya yalianza 2019, na mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio ya asilimia 5. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, vilivyowekwa 2017, hukatwa palepale.

Na Kigoma?

Utajiri wa kale wa Kigoma ni chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Inastahili ukurasa wake.

Baba yangu alifanya kazi Resolute. Nimuulize nini?

Muulize aliajiriwa mwaka gani na kwa kazi gani, alilipwa kiasi gani mwezi wa kwanza na wa mwisho. Alilala wapi. Nani alimfundisha mashine. Kabla ya mgodi, eneo lile lilikuwa shamba la nani, na walihamishiwa wapi. Siku ya mwisho ya kazi alipewa nini mkononi na alikifanyia nini. Rekodi kwa simu, taja tarehe mwanzoni mwa rekodi, na piga picha kitambulisho chake cha kazi, mbele na nyuma.